Wenye Pikipiki Wanageukia Ukuta

Kaka yangu alilazwa hospitalini Lilongwe siku sita kabla mimi sijajua, ingawa niliishi mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kitanda chake. Nilikuwa Area 18, mtaa wa mji huohuo, napaka rangi uzio wa mwalimu mmoja mstaafu. Simu yangu ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya rangi wiki mbili nyuma na sikuwa na haraka ya kutafuta nyingine. Wenye sababu ya kunitafuta walikuwa wachache, na nilipenda iwe hivyo.

Siku ya sita pikipiki ilisimama getini. Mtu aliyekuwa juu yake alikuwa mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope.

"We njo mudogo ya papa wa pikipiki nyekundu? Wa Dzaleka?"

"Ni mimi."

"Tangu asubui niko nauliza kwa kila geti. Hii Area 18 iko na mageti mingi kuliko bantu. Panda, yaya yako anagonjwa."

Yaya kwetu ni kaka mkubwa. Nilimwambia nioshe brashi kwanza. Alinitazama.

"Osha," alisema, "lakini osha kama mutu mwenye haraka."

Huyo alikuwa Mbukavu kama sisi, fundi wa pikipiki pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, na alikuwa mwanachama wa chama cha wenye pikipiki alichokuwamo kaka yangu. Nilikijua chama hicho kwa kukicheka tu. Kila nilipokwenda kuwasalimia nilimuuliza kaka kama Jumamosi hii wamezipamba tena na kuzitazama. Niliamini ni watu wazima wanaokutana kusifiana vyuma.

Katika hospitali za huku ndugu wa mgonjwa ndiye anayempikia, kwenye vibanda vilivyo nje, kila familia na mafiga yake. Nilipofika nilimkuta mtu mwingine wa chama akikoroga uji kwenye sufuria ya kaka. Walikuwa wamegawana siku. Wawili walikuja kila asubuhi kutoka Dzaleka, zaidi ya kilomita arobaini, wakapika, wakamwosha, wakafua shuka, jioni wakarudi. Siku hizo petroli ilikuwa adimu, foleni kwenye vituo zilikuwa ndefu kama msafara, lakini walikuja. Mwenyekiti wao alikuwa mfanyabiashara wa Kindu, Mwislamu, muuza chumvi na sabuni, mwenye kofia nyeupe ambayo vumbi halikuigusa kwa sababu ambayo sikuijua. Nilimkuta kando ya kitanda akimwombea Mkristo wa Bukavu kwa Kiarabu, taratibu, kama mtu anayeelekeza njia.

Shemeji alikuwa amebaki kambini na watoto watatu, wa mwisho hajafika miaka miwili.

Kaka alikuwa amelala na hakuamka. Ilikuwa tumbo, walisema, kisha wakasema figo. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikaona kwamba magurudumu yake yana breki ya kukanyaga kwa mguu, na moja ilikuwa imelegea. Niliinama kuangalia inavyofanya kazi. Ni chuma kidogo chenye springi, kinaingia kwenye meno ya gurudumu. Nilikuwa bado nimeinama kesho yake asubuhi, nikijaribu kuikaza kwa ncha ya kijiko, pale mwenyekiti aliponigusa bega akasema basi.

Nilingoja nihisi kitu. Sikuhisi. Niliirudisha breki ilivyokuwa.

*

Tulimzika Dzaleka. Wanachama walikuja na pikipiki zao, zaidi ya ishirini, lakini hakuna aliyewasha. Walizisukuma kwa mikono kutoka nyumbani hadi makaburini, injini zimezimwa, na kilichosikika ni matairi kwenye kokoto na watu wakihema mlimani. Mimi nilipewa kuisukuma ile nyekundu. Niliona kwamba kioo chake cha kushoto kilielekezwa chini sana, kuliko mtu yeyote anavyohitaji, na nilifikiria jambo hilo njia nzima. Alikuwa akitazama nini huko chini?

Siku ya nne baada ya mazishi watu wa kanisani kwetu walikaa barazani, wakasema mali ya marehemu ni ya mke na watoto, lakini uamuzi wa pikipiki uko mikononi mwangu, mdogo wake, mwanamume pekee wa ukoo aliyebaki upande huu wa mipaka. Shemeji alikuwa kwenye cherehani yake pembeni. Hakuacha kushona.

"Shemeji unasema nini?" nilimuuliza walipoondoka.

"We njo utaamua. Wamesema."

"Mi nakuuliza weye."

"Iko na nguo za masomo ya batoto wa Mponela hapa," alisema, akainua rundo la sare za shule lililofika kiunoni. "Nani atazipeleka?"

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake lote. Kaka alikuwa akimletea vitambaa kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Old Town, Lilongwe, na sare zilizokamilika akizipeleka soko la Mponela. Kati ya safari hizo alibeba samaki wakavu, unga, watu. Nyumba ile ilikuwa inakula kutoka kwenye magurudumu mawili. Pikipiki ikiondoka, angebaki na cherehani na kumlipa mtu mwingine kwa kila safari, na kilichobaki kisingefika kwa watoto watatu.

Nilijua hayo. Nitasema pia nilichotaka mimi. Nilitaka kuiuza, nimpe nusu, na kwa nusu yangu niende Tete, ng'ambo ya mpaka, na baadaye mbali zaidi, kusini, kuona. Nimekuwa hivyo tangu utoto. Niliacha shule darasa la sita kwa sababu malori yalipita mbele ya dirisha letu na hakuna mwalimu aliyeweza kuniambia yanakoishia. Nikaenda Uvira, nikavuka ziwa, nikakaa Kigoma, Mbeya, Karonga. Nimejifunza kupaka rangi, kuchoma matofali, kutengeneza redio, kunyoa. Kila mahali kulikuwa na kwaya, timu, kikundi cha kuweka akiba, na kila mahali walinikaribisha, na kila mahali niliondoka kabla hawajanizoea. Kaka alikuwa kinyume changu. Alifika Dzaleka, akajenga, akajiunga na kila kilichokuwa na kikao.

Nilimwambia shemeji nitaiuza. Alivunja uzi kwa meno.

"Sawa," alisema.

*

Kabla ya kuiuza niliifungua. Hakuna aliyenituma. Ilikuwa nyuma ya nyumba, nami nilikuwa sina la kufanya kwa mikono yangu, na nilikuwa sijawahi kuona ndani ya kabureta ya aina ile. Nilitandaza kitenge kikuukuu na kwa siku tatu nilikitoa kitu kimoja kimoja, nikakisafisha kwa petroli kidogo niliyoomba, nikakipanga. Watoto walikaa wakitazama. Mdogo kabisa, msichana, alijifunza kuniletea spana, ingawa alileta ile aliyoipenda yeye.

Nilitarajia, nafikiri, kumkuta kaka humo. Sikumkuta. Nilikuta masizi, mchanga, na waya mmoja alioufunga kwa uzi wa cherehani.

Nilipoirudisha yote kilibaki kitu kimoja kwenye kitenge: kipete cha shaba, kikubwa kidogo kuliko pete ya kidole gumba, kimebonyea upande mmoja. Kila mtu aliyewahi kufungua mashine anajua kwamba huwa kinabaki kitu. Nilikigeuza, nikatafuta kinapokaa, nikachoka. Pikipiki iliwaka bila hicho. Nilikitia uzi na kumvisha yule mdogo shingoni kama mkufu. Alifurahi. Ndiyo furaha pekee niliyoiona nyumbani humo wiki ile, na niliitazama kama mtu anayetazama televisheni ya jirani.

Siku iliyofuata niliipeleka Mponela kwa mtu anayenunua pikipiki kando ya barabara kuu, karibu na wanunuzi wa mahindi. Aliipanda, akaenda na kurudi mara mbili, akashuka akitikisa kichwa. Tulisemezana kwa Kichewa changu kibovu. Aliniita achimwene, ndugu, kwa upole kabisa. Sikiliza inavyopasukapasuka, alisema. Injini inakufa. Angeichukua, lakini kwa nusu ya bei tuliyotaja mwanzo.

Nilisikiliza. Kweli ilikuwa inapasukapasuka. Sikukumbuka kama ilikuwa hivyo zamani, kwa sababu sikuwahi kuisikiliza zamani. Nilikubali. Tulipatana niilete Jumamosi mchana, atanilipa.

Nusu ya nusu isingenifikisha popote, na nusu nyingine isingemfikisha shemeji mwisho wa mwaka. Niliyapigia hesabu hayo njiani nikirudi. Hayakuniuma. Nilikuwa naendesha pikipiki ya marehemu kwenye barabara ya lami, mashamba ya tumbaku yamekatwa pande zote, na nilikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi kwenye jino lakini ganzi ikaenda mwili mzima.

*

Ijumaa mwenyekiti alikuja. Alisimama mlangoni na kofia yake nyeupe.

"Nasikia munaiuza."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi si mzee, mimi ni mwenyekiti. Kesho asubuhi uilete ukutani."

"Kesho mchana naipeleka Mponela."

"Mchana ni baada ya asubuhi. Kwetu pikipiki haitoki chamani kama mwizi. Inapita mbele ya ukuta, inasikilizwa, inaagwa. Marehemu alizisikiliza za wenzake zote. Yake nani ataisikiliza?"

Nilitaka kukataa, lakini alikuwa amemwosha kaka yangu siku ambazo mimi nilikuwa naosha brashi. Nikasema nitakuja.

Basi nieleze ukuta. Karibu na njia ya kuingilia kambini kuna kinu cha kusaga mahindi, chenye ukuta mrefu wa matofali usio na dirisha. Kila Jumamosi asubuhi wenye pikipiki hukutana pale. Kila mmoja humpa aliye kulia kwake ufunguo wake. Kisha wenye pikipiki zinazopita wanasimama kwenye mstari, wameugeukia ukuta, mgongo kwa barabara, mikono nyuma. Pikipiki zao zinapita moja moja zikiendeshwa na wengine, zinakwenda hadi kona ya bomba la maji, zinapunguza mwendo, zinageuka, zinarudi. Mwenyewe haruhusiwi kutazama. Akigeuka anachekwa na Jumamosi ijayo anawaoshea wote. Ikishapita, anasema alichosikia, na aliyeendesha anasema alichohisi. Hapo ndipo wanapojua mnyororo umelegea, beringi inalia, breki inashika nusu. Sababu yao ni moja: anayeiendesha kila siku ameshauzoea ugonjwa wake. Anapaswa kuisikia kutoka nje, kama jirani.

Nilipoona mstari ule kwa mara ya kwanza, wanaume wenye ndevu na wajukuu, pua zao shubiri moja kutoka kwenye matofali, nilidhani nimerudi darasa la sita, asubuhi ya waliochelewa.

"We simama pale," mwenyekiti aliniambia. "Kati ya huyu Mrundi na huyu mwenye kikohozi."

"Sina kikohozi," alisema mwenye kikohozi, akakohoa.

"Mudogo ya marehemu, usiogope," alisema Mrundi bila kugeuka. "Ukuta haumuulizi mutu swali. Anauliza ni mwenyekiti."

"Nyamaza, yako inakuja," mwenyekiti alimjibu. " Naisikia tangu Dowa. Inalia kama mbuzi ya Krismasi."

Walicheka wakiutazama ukuta. Ni kicheko cha ajabu, kinarudi kutoka kwenye matofali na kumpiga mchekaji usoni. Zilipita tatu, nne. Kila mmoja alisema lake, na fundi, yule aliyenitafuta Area 18, alichuchumaa kando ya kila moja na kuhakikisha. Zamu ya nyekundu ilipofika, aliyeiendesha alikuwa mwenyekiti mwenyewe.

Ilipita nyuma ya mgongo wangu. Ilikwenda. Kwenye kona ya bomba ilipunguza mwendo, ikapasuka: pa, papa, pa. Ikageuka, ikarudi, ikazimwa.

"Umesikia nini?" aliniuliza.

"Nimesikia injini inakufa," nilisema kwa matofali. "Mnunuzi wa Mponela amesema hivyo pia."

"Hapana."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Sote tuligeuka, tukasahau adhabu. Shemeji alikuwa amesimama kando ya barabara, rundo la sare kichwani, amekuja kumtafuta mtu wa kuzipeleka Mponela, mtoto wake mdogo akiwa mgongoni.

"Mama, samahani," mwenyekiti alisema, "hapa wanasema benye pikipiki peke yao."

"Mi napikaka bugali na hiyo sauti," shemeji alisema. "Ikifika fasi ya kanisa, naweka maji. Ikifika kwa bomba, baba ya batoto alikuwaka anafunga mafuta na inanyamaza kabisa, kimya, inakuja na mwendo yake tu. Akifunga, mi naanza kusonga. Akiingia, bugali iko kwa meza. Miaka minane. Haikuwaka inapasua pale kwa kona. Hata siku moja."

Fundi alisogea karibu.

"Na wakati inapanda, inasikika je?" fundi aliuliza. Nilitambua kwamba alimwuliza kama anavyowauliza wenye pikipiki.

"Inapanda muzuri. Injini iko muzima. Ni pale inafungwa tu. Inapiga chafya." Kisha akaniangalia, na rundo zima kichwani likageuka pamoja naye. "Kintu gani ulitosha?"

Nilisema nimetoa kila kitu, na kila kitu nimekirudisha.

"Kila kitu?"

Fundi alikuwa ameshachuchumaa. Alipitisha kidole karibu na pale bomba la moshi linapoingia kwenye injini na kuniinulia kidole kilichojaa masizi meusi.

"Hapa kunakuwaka kipete cha shaba," alisema. "Kinaziba. Kikikosekana, ukifunga mafuta hewa inaingia, inapasua. Ni kitu ya dakika kumi. Huyu wa Mponela alijua, ama hakujua, mi sijui. Kipete kiko wapi?"

Nilimtazama mtoto. Shemeji aliona. Alishusha sare, akamtoa mtoto mgongoni, akamweka chini mbele ya wanaume wale wote. Kipete kilikuwa shingoni kwake, kwenye uzi, kinang'aa kwa sababu alikuwa amekinyonya wiki nzima.

Mrundi ndiye aliyeanza, akajishika kwa ukuta.

"Fundi ya dhahabu! Mumuone fundi ya dhahabu!"

"Hii pikipiki iliolewa," alisema mwenye kikohozi, "mahari ikabaki kwa mtoto."

"Area 18 wanapaka rangi hivyo hivyo? Ukuta unabaki, anavaa bibi ya boss?"

Hata mwenyekiti alivua kofia na kujifutia macho. Walinicheka kwa muda mrefu, na mimi nilisimama katikati, na nilishangaa kwamba hainiudhi. Hawakunicheka kama mgeni. Mtoto alilia alipovuliwa mkufu. Shemeji alimfungia kifungo cha sare badala yake, akanyamaza.

Kweli ilichukua dakika kumi. Fundi alikisugua kipete, akakipanga, akakaza. Mwenyekiti akapanda tena.

"Simameni," alisema. "Mwenyewe asimame."

Nilianza kwenda ukutani. Alinizuia kwa mkono, akamtazama shemeji, na shemeji akaja, akasimama nilipokuwa nimesimama mimi, kati ya Mrundi na mwenye kikohozi, amegeukia matofali, mikono nyuma kama wengine. Wakasogea kumpa nafasi. Mimi, kwa kuwa sikuwa na ukuta tena, nilibaki nikimtazama yeye.

Mwenyekiti hakuanzia hapo. Alikwenda mbali, hadi kanisani, akarudi. Ilisikika ikija kutoka upande wa soko, inapanda, inakaribia. Ilifika kwenye bomba. Ikafungwa. Kimya. Ilikuja kwa mwendo wake tu, matairi kwenye vumbi.

Mguu wa kulia wa shemeji ulitoka kwenye mstari. Hatua moja, upande wa nyumbani. Nilimwona. Kisha ulisimama, ukakaa hapo mbele peke yake, kisha akaurudisha taratibu, akauweka sawa na mwingine.

"Mama umesikia nini?" mwenyekiti aliuliza kwa sauti ya chini.

"Njo yenyewe," alisema kwa ukuta.

Aliendelea kusimama. Hakuna aliyemwambia ageuke. Mrundi na mwenye kikohozi nao hawakugeuka, wakabaki naye wakitazama matofali, na wengine mmoja mmoja wakarudi kwenye mstari ingawa zamu zao zilikuwa zimepita. Ningependa kuandika kwamba hapo ganzi ilinitoka. Haikutoka. Niliwatazama migongo, nikaona kwamba mmoja ana kiraka cha tairi begani, nikajiuliza kama kinazuia mvua. Lakini ufunguo uliporudi mkononi mwangu, nilikwenda nikauweka kwenye mikono yake iliyokuwa nyuma. Vidole vilifunga.

Mchana sikwenda Mponela kuuza. Nilikwenda kupeleka sare. Nilisimama kwa yule mnunuzi kumwambia basi. Aliisikiliza ikizimwa, akatabasamu. "Zikomo," alisema, asante, kama mtu aliyenisalimu tu, akarudi kwenye kiti chake. Bado sijui kama alijua.

*

Huu ni msimu wa pili tangu tumzike kaka. Sijaenda Tete. Sikuamua kutokwenda, ila kila Jumamosi inanikuta hapa, na Jumatatu ni vitambaa Old Town, na Jumatano ni Mponela. Mwenye pikipiki chamani ni shemeji. Jina lake ndilo linaloitwa, yeye ndiye anayesimama ukutani, mwanamke wa kwanza, na sasa yuko wa pili, muuza samaki. Mimi naitwa mwendeshaji. Naendesha za wengine, nasema nilichohisi. Mrundi ananiita Fundi ya Dhahabu na nadhani nitazikwa nalo.

Mtu aliniuliza juzi kuna faida gani kukaa kwenye chama kama hicho, yeye ana pikipiki nzuri na hana shida na mtu. Nilitaka kumwambia kuhusu uji wa hospitali, na geti kwa geti la Area 18, na petroli: likiingia lori moja la mafuta kituo chochote kati ya hapa na Lilongwe, tunajua wote kabla halijamaliza kumwaga. Mwisho nilimwambia aje Jumamosi, asimame pale, apite mwenzake na pikipiki yake. Alisema yeye anaijua sauti ya pikipiki yake. Nilisema mimi pia nilidhani hivyo.

Kioo cha kushoto sijakigeuza. Nimegundua alichokuwa akitazama. Ukikaa kama alivyokaa yeye, kinaonyesha furushi la sare lililofungwa nyuma, kama limelegea.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka Mponela, nikapita kanisani, nikafunga mafuta, nikaingia uani. Ugali, nsima wanavyouita wenyeji, ulikuwa mezani, moto, mvuke unapanda. Nilishangaa, kwa sababu kwa miezi yote hii nilikuwa nafika nikiukuta bado unasongwa, nakaa kwenye kigoda kungoja, wala sikuwahi kufikiria kwa nini.

"Leo umewahi," nilimwambia.

"Hapana. Yeye alikuwaka anafunga kwa bomba," shemeji alisema, akaninawisha mikono. "We unafunga mbele ya kufika bomba, kwa mti ya muarobaini. Unaogopa kona. Mi nilikuwaka nangoja bomba, kumbe umeshanyamaza. Sasa naanza kusonga kwa muarobaini."

Nilikula. Ulikuwa umeiva vizuri.